Gauni la Mabirika

Ukame ulipoingia katika nyika ya Kirurumo haukuja peke yake, ulikuja na vumbi. Lilikuwa vumbi jekundu, laini kama unga, na kila lilipotua lilikataa kuondoka. Punda Milia akapoteza milia yake. Chui akapoteza madoa. Twiga, aliyezoea kusifiwa kwa mabaka yake mazuri, akawa kama nguzo ndefu ya udongo. Haukupita muda wanyama wote wakawa na rangi moja, na hakuna aliyejua kwa hakika anazungumza na nani.

Vituko vikawa vingi. Nyumbu alikiposa kisiki, na kisiki kiliponyamaza akaenda kuwatangazia ndugu zake kwamba amekubaliwa. Mke wa Simba aliegemea kichuguu alasiri nzima huku akimsengenya mumewe kwa dada yake, kumbe kichuguu kile ndicho mumewe. Simba, kwa majivuno yake, hakufungua kinywa. Aliona ni heri aendelee kuwa kichuguu kuliko kukubali kwamba amesikia yale yaliyosemwa juu ya kukoroma kwake.

Hayo yalichekesha. La kisima halikumchekesha mtu.

Kirurumo ilibakiwa na kisima kimoja tu. Simba aliamuru kila mnyama anywe mara moja kwa siku, akamweka Kifaru mlangoni asimamie zamu. Kifaru alikuwa mwaminifu, tena mkali, lakini macho yake hayakufika mbali kupita pembe yake. Kila aliyekuja alimwuliza, "Wewe nani?" Akijibiwa, alimpisha. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema uongo maishani, kwa hiyo hakujua kwamba wengine huusema.

Fisi aliligundua hilo mapema. Asubuhi alikuja akasema yeye ni Fisi, akanywa. Akazunguka kichaka, akarudi akasema yeye ni Pofu, yule mwenye pembe ndefu, akanywa. Akarudi tena akasema yeye ni Swala, ila ana mafua ndiyo maana sauti imekuwa nzito. Akanywa. Jua lilipokuwa kali tumbo lake lilikuwa likicheza kama mtungi unaobebwa na mwenye haraka, na wenye majina yao walipofika waliambiwa wameshakunywa.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Ngiri. Jina lake lilikuwa jepesi mdomoni mwa Fisi, basi akalitumia kila siku.

"Shikamoo, mzee Kifaru," alisema Bi Ngiri asubuhi moja, koo limemkauka.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Ngiri."

"Ngiri ameshakunywa."

"Ngiri ni mimi, mzee. Ndiyo kwanza nafika."

"Hata yule wa alfajiri alisema hivyohivyo. Tena yeye alikuwa mchangamfu, alicheka. Wewe umenuna."

Bi Ngiri akatafuta kitu chochote mwilini mwake ambacho ni chake peke yake. Akasogeza mdomo karibu na uso wa Kifaru. "Tazama meno yangu, mzee. Nani mwingine ana meno yaliyopinda namna hii?"

Kifaru akakodoa macho. "Naona fimbo mbili," akasema. "Fimbo hazinywi maji. Pisha wengine."

Bi Ngiri akaondoka akilamba midomo mikavu. Njiani akakutana na shoga yake Mbuni, ambaye alikuwa na hasira zake.

"Umesikia makubwa?" Mbuni akasema. "Sungura amefungua duka la nguo kule nyuma ya mwamba. Anajiita mbunifu. Mbunifu! Mbuni hapa Kirurumo si ni mimi peke yangu?"

"Nguo za nini na kiu hii?"

"Anasema ukivaa nguo yake hutafanana tena na mtu yeyote."

Bi Ngiri akasimama. Kisha akageuza njia.

Ukweli wa duka lile ulikuwa hivi. Lori lililopita barabara kuu lilidondosha jora zima la kitambaa cha mapazia, la rangi ya njano, lililochorwa mabirika ya chai ya buluu. Sungura hakuwahi kuona birika, wala hakuna mnyama Kirurumo aliyewahi kuliona. Lakini Sungura hahitaji kukijua kitu ndipo akiuze. Alilivingirisha jora hadi nyuma ya mwamba, akaokota mwiba wa nungunungu akaufanya sindano, akashona gauni moja, akalitundika kwenye tawi la mgunga.

Na gauni lenyewe! Mikono ilivimba kama vibuyu. Marinda yalianza kifuani yakaishia chini. Nyuma lilikuwa na mkia mrefu wa kuburuta. Juu ya yote ilisimama kola pana, yenye mikunjo, iliyopanda hadi juu ya masikio, hata mwenye kulivaa angekuwa kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya ua.

"Karibu, mama, karibu," Sungura akasema. "Usiliguse. Haya, gusa kidogo."

Bi Ngiri akagusa kidogo. "Na hivi vilivyochorwa ni nini, fundi?"

"Ukiuliza ni nini, hujaelewa. Ukinyamaza, umeelewa."

Bi Ngiri akanyamaza.

"Naona umeelewa," Sungura akasema, huku akiipapasa kola kwa vidole viwili kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. "Hili ni moja tu duniani. Nimelishona nikikufikiria wewe."

"Mbona ulikuwa hunijui?"

"Ndiyo maana limenichukua muda."

Akamvalisha. Bi Ngiri hakuwa na kioo, lakini aliyaona marinda yakimzunguka, akageuka upande huu, akageuka upande ule, na mkia wa gauni ukamfuata kama kijito. Tangu azaliwe wenzake walimwambia ana nguvu, ana mbio, ana moyo mgumu. Hakuna aliyewahi kumwambia amependeza. Alipopitisha mguu juu ya marinda yale, akajikuta anatembea kwa madaha.

"Unataka nini kwa gauni hili?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Shimo lako," Sungura akasema papo hapo.

Shimo la Bi Ngiri lilikuwa urithi wa mama yake. Lilikwenda chini sana, lilikuwa na baridi hata mchana wa jua kali, na mwisho wake udongo ulikuwa na unyevu ambao ukiulamba unapunguza kiu.

"Shimo hilo ni la mama yangu, fundi."

"Na mama yako, akikuona sasa, atasemaje?"

Bi Ngiri akajitazama tena. Akafikiria pia mlango wa kisima. "Chukua," akasema.

Siku ya pili akaenda kisimani. Wanyama wakampisha njia wenyewe, wengine kwa heshima, wengine kwa woga, kwa maana hawakujua ni mnyama gani huyo.

"Wewe nani?" Kifaru akauliza.

"Ngiri."

Kifaru akasogeza uso hadi pembe ikagusa kitambaa. Akatazama birika moja, akatazama la pili. "Naona vitu vyenye midomo."

"Ni vyangu, mzee."

"Basi kuanzia leo mwenye vitu vyenye midomo ndiye Ngiri. Kunywa, binti."

Bi Ngiri akanywa mpaka machozi yakamtoka. Fisi alipokuja baadaye akajiita Ngiri, Kifaru alimwambia, "Wewe una mdomo mmoja tu. Toka."

Shida ikawa kuishi ndani ya gauni. Sasa alilala nje, na miiba iliushika ule mkia wa kuburuta kana kwamba inamdai. Kola ilimziba masikio, akashindwa kusikia hata Chui akipiga chafya karibu. Tena Ngiri hula akiwa amepiga magoti. Haikuchukua siku nyingi gauni likatoboka penye magoti yote mawili. Mchwa wakala mkono mmoja wa gauni. Siku hiyo Bi Ngiri alikaa chini akalia, akilikumbuka shimo la mama yake.

Alipomaliza kulia alikuwa bado na njaa. Akainuka. Akaukata ule mkia kwa meno yake, akautengeneza mfuko mkubwa wa kutilia mizizi anayochimba. Penye magoti akaweka viraka vya magome laini ya mti. Kola akaikunja ikalala mabegani. Nyuma akatoboa tundu ili mkia wake mwenyewe upite, maana Ngiri akikimbia mkia wake husimama wima, na yeye hakuwa tayari kuacha kukimbia. Mkono mmoja uliobaki akauacha, akaujaza majani, na usiku akaulalia kama mto.

"Shoga, umeliharibu," Mbuni akamwambia.

"Labda. Lakini tazama." Akakimbia hadi kwenye mwamba akarudi, mkia juu, mfuko ukirukaruka.

Mbuni akakohoa. "Umekuwa kichekesho," akasema, lakini alimtazama kwa muda mrefu.

Huku nyuma Sungura alikuwa amekaa ndani ya shimo lenye baridi, akishona. Kila mnyama alikuwa amesikia kwamba Ngiri anakunywa maji kila siku kwa sababu ya gauni, na kila mmoja alikuja kwa siri.

"Nataka lisilofanana na la mtu," akasema Twiga.

"Lile la Ngiri lilikuwa la majaribio tu," Sungura akamnong'oneza. "Lako ndilo lenyewe. Ni moja tu duniani. Ila lifiche mpaka siku ya mkutano aliouitisha mfalme kisimani. Vumbi likiligusa kabla ya macho ya watu, linapoteza nguvu."

Maneno hayohayo akamwambia Chui, na Nyumbu, na ndugu zake mmoja mmoja, na Punda Milia, na Swala aliyekuwa amechoka kusingiziwa mafua. Twiga akatoa majani aliyokuwa ameyaweka akiba. Nyumbu akatoa mahari aliyokusudia kuipeleka kwa kisiki. Fisi alifukua mifupa yake yote akanunua magauni kadhaa kwa mpigo, kwa hesabu kwamba mwenye magauni mengi ni wanyama wengi, na wanyama wengi hunywa maji mengi.

Mwishowe Simba mwenyewe akaja, kwa mlango wa nyuma, akitazama huku na huku.

"Ni aibu mfalme kudhaniwa kichuguu," akasema. "Nataka la kifalme."

"Mtukufu," Sungura akainama, "hili ni moja tu duniani."

Siku ya mkutano ikafika. Malalamiko ya maji yalikuwa yamezidi, kwa hiyo Simba aliwaita wote kisimani, Kifaru awatambue mmoja mmoja na kuwakariri. Twiga akatokea upande wa mashariki akitembea polepole ili aonekane vizuri. Punda Milia akatokea upande wa magharibi. Wakaonana. Wakasimama. Chui akatokea kichakani akiwa amekwisha kutabasamu, na tabasamu likamkwama usoni. Nyumbu wakaja kundi zima. Punde si punde kisima kilizungukwa na kola, marinda na mabirika ya buluu, na kila mnyama alikuwa akimtazama mwenzake kama aliyeibiwa.

Kisha akaja Simba. Alikuja taratibu, mikono imevimba, mkia wa gauni ukiburuta nyuma ya mkia wake mwenyewe. Simba akawatazama wote, na wote wakatazama chini, jambo lililowafanya wayaone vizuri zaidi mabirika yao.

"Mtavua baadaye," Simba akanguruma, akijikaza. "Kwanza mfalme anywe." Akaenda mlangoni.

"Wewe nani?" Kifaru akauliza.

"Unaniuliza mimi?"

Kifaru akasogeza uso kwenye gauni, akatazama kwa makini. "Ahaa. Ngiri. Karibu unywe, binti."

Simba akapiga mguu chini.

"Mimi ni Simba!"

"Ngiri, usiseme uongo mbele za watu. Umelelewa vizuri. Kunywa upishe wenzako."

Simba alikuwa na kiu, na maji yalikuwa pale. Akanywa. Akaja Twiga.

"Ngiri ameshakunywa," Kifaru akasema.

"Mimi Twiga! Hebu tazama shingo!"

"Umesimama juu ya kitu. Shuka, Ngiri, utaanguka."

Akaja Punda Milia, akaambiwa ni Ngiri. Akaja Chui, akaambiwa Ngiri hana aibu. Nyumbu walipokuja kundi zima Kifaru akaanza kurudi nyuma. "Ngiri," akasema kwa huruma, "unaumwa? Mbona unakuja kutoka pande zote?"

Hapo ndipo Bi Ngiri halisi alipofika, mfuko umejaa mizizi, maana alichelewa akichimba. Kifaru akasogeza pua. Akagusa viraka vya magome, akanusa mizizi, akaona ule mkono mmoja.

"Huyu ndiye!" akapiga kelele kwa furaha. "Huyu ndiye Ngiri wangu wa kila siku! Sasa hao wengine ni kina nani?"

Simba akageuka. "Nani kaniuzia kitu hiki?"

"Sungura!" wakajibu wote kwa pamoja, na kila mmoja akashangaa kusikia mwenzake akijibu.

Sungura alikuwa papo hapo. Alikuja kuona kazi yake ikipendeza, na alipoona mambo yamechacha alivaa gauni la mwisho, akavuta kola mpaka juu ya masikio, akajipenyeza katikati ya wale wadogo wadogo. Wanyama wakaanza kumtafuta. Chui akamkamata Nyumbu. Nyumbu mwingine akamkamata Swala. Punda Milia alijikamata mwenyewe kwa muda. Mahali pote palikuwa na mabirika, na hakuna aliyeweza kumtambua mtu.

Bi Ngiri alikaa kando akiwatazama. Alikumbuka vile vidole viwili vilivyoipapasa kola siku ile dukani.

"Mtukufu," akasema kwa sauti kubwa, "tuache kumsaka. Aliyeshona kola hii si fundi. Tazama ilivyokaa, kama jani la mgomba lililokanyagwa."

Katikati ya kundi mtu akakohoa.

"Hata mikunjo yake," Bi Ngiri akaendelea, "nadhani alishona amefumba macho. Angeshona magunia tu. Tena magunia ya mkaa."

"Ya mkaa!" sauti nyembamba ikapasuka. "Kola hiyo nimeifumua na kuishona upya mpaka vidole vikatoka damu! Hakuna kola kama hiyo Kirurumo nzima! Hakuna..."

Sungura akaziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Duara likafunguka kumzunguka, akabaki peke yake na kola yake.

Fisi alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na kwa kuwa tumbo lilikuwa limejaa, mishono ikaachia. Gauni likafunguka, na chini yake kulikuwa na gauni jingine. Hilo nalo likafunguka, na chini yake jingine tena. Kifaru akainua masikio.

"Kicheko hicho nakijua," akasema polepole. "Wewe ndiye Pofu. Wewe ndiye Swala mwenye mafua. Wewe ndiye yule Ngiri mchangamfu wa alfajiri!" Akainamisha pembe, na Fisi akaacha kucheka.

Simba kwa hasira alikuwa ametoka jasho. Akajifuta uso kwa mkono wa gauni lake. Wanyama wakashangaa. Pale mkono ulipopita, vumbi lilikuwa limetoka, na uso wa Simba uliokuwa umepotea miezi yote ile ulikuwa unang'aa, na masharubu yake yote.

"Kumbe linafutika?" Twiga akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaanza kujifuta. Milia ikatokea. Madoa yakatokea. Mke wa Simba akamwona mumewe, akakumbuka kwamba kichuguu kile kilikuwa na masharubu, akatazama pembeni.

Simba akatoa hukumu. Sungura arudishe kila alichopokea, na shimo la Bi Ngiri kwanza. Magauni yote yachanwe yawe matambara, na Sungura akae mlangoni mwa kisima kila asubuhi amfute vumbi kila anayekuja kunywa, kuanzia kwato hadi masikio, Twiga pia. Fisi ayakung'ute matambara hayo, na anywe wa mwisho, mara moja, kwa jina lake.

Sungura akaanza kukusanya magauni kwa uso wa msiba. Alipofika kwa Bi Ngiri akanyoosha mkono. Bi Ngiri akarudi nyuma.

"Langu silitoi."

"Lakini sasa utatambulika hata bila gauni," Simba akamwambia. "Utafutwa vumbi kama wenzako."

"Najua, mtukufu. Nitafutwa, na nitalivaa."

"La nini?"

Bi Ngiri akafikiri. "Nimelipenda," akasema.

Simba akalitazama gauni lile tena, akamruhusu aende.

Bi Ngiri akarudi nyumbani kwake. Akaingia mpaka mwisho wa shimo, akalamba udongo wenye unyevu, akalala kidogo. Alipotoka jioni alimkuta Mbuni amesimama mlangoni, anajifanya anatazama mawingu yasiyokuwepo.

"Shoga," Mbuni akasema, "nataka kama hilo lako. Hivyohivyo. Viraka vya magoti, mfuko, mkono mmoja."

"Kama hili siwezi kukushonea."

"Choyo tu."

"Si choyo. Wewe hata hupigi magoti." Bi Ngiri akaketi mlangoni, akaokota ule mwiba wa nungunungu ambao Sungura aliusahau. "Hebu tembea kwanza mpaka kule kwenye mwamba, halafu urudi. Nikuone."

Mbuni akasita. Kisha akainua shingo, akaanza kutembea.